Samaki walipoanza kupotea, nilimshuku mtoto wa dada

Mwaka jana, mwezi wa tano, nilimwambia mtoto wa marehemu dada yangu maneno ambayo hadi leo natamani nisingeyasema. Nilimwambia, "Tangu uingie nyumba hii, vitu vinapotea." Alikuwa na miaka 11. Vitu vyenyewe vilivyopotea ni samaki watano, kila mmoja mdogo kuliko kidole changu cha mwisho.

Naandika haya kwa wazazi na walezi wenzangu. Kwanza kwa wale ambao watoto wanawasumbua kila siku wanunuliwe samaki wa mapambo wa kufuga ndani. Pili kwa wale wanaolea mtoto ambaye hawakumzaa. Kwangu mambo haya mawili yalikuja pamoja, na kosa nililofanya kwenye moja ndilo lililonifanya nikosee kwenye jingine. Majina ya watoto nimeyahifadhi.

Tunaishi Manyoni mjini. Nina duka dogo la vifaa vya shule, mume wangu ni fundi umeme. Tuna binti mmoja, wakati huo alikuwa na miaka saba. Dada yangu alikuwa mwalimu Ukerewe, akaolewa huko, na huko akafariki dunia. Mume wake alikuwa ametangulia. Babu mzaa baba alikaa na mtoto mwaka mzima, lakini uzee ukamzidi, ndipo ndugu wakakaa kikao na kuamua kijana aje kwetu. Alifika mwezi wa kwanza, shule zinafunguliwa, akiwa na begi moja la nguo na ndoo ya dagaa wakavu aliyopewa na babu yake atuletee.

Alikuwa mtoto mpole kupita kiasi. Ukimuuliza umeshiba, anajibu nimeshiba, hata kama sahani imelambwa. Ukimuuliza unataka nini, anajibu, "Chochote tu, mama mdogo." Binti yangu naye alizoea kuwa peke yake. Ghafla anagawana chumba, meza ya kusomea, hata nafasi ya kukaa mbele ya televisheni. Hawakugombana. Walikuwa wanapishana tu ndani ya nyumba kama abiria wasiojuana.

Mwezi wa tatu tulikwenda Dodoma kwenye harusi. Katika hoteli tuliyofikia palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa rangi rangi. Wale watoto wawili walisimama pale muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nikawasikia wanazungumza. Binti anauliza, kaka anajibu. Nikajisemea, dawa nimeipata. Wakiwa na kitu cha kutunza pamoja, watazoeana.

Tuliporudi nyumbani nilimpa kazi fundi wa vioo. Akatengeneza tangi la sentimeta 60 kwa 30 kwa 30, akaliziba kwa silikoni. Ukilijaza linachukua lita 54. Tukaosha changarawe, tukaweka mawe mawili na kipande cha chungu kilichovunjika ili wapate pa kujificha, tukanunua pampu ndogo ya hewa yenye chujio. Kwa muuzaji wa Dodoma nikachukua gapi 15. Gapi ni wale samaki wadogo ambao dume ana mkia mpana wa rangi kama kitenge, na jike ni mkubwa kidogo lakini rangi yake ya kawaida tu.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo. Asubuhi tulijaza maji, jioni tukatia samaki. Ndani ya wiki moja watatu wakafa.

Baadaye nilielewa sababu, na inafaa kila mzazi aijue kabla hajatoa hela. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ni sumu kwao. Kwenye tangi lililokwisha kuzoea, kuna bakteria wanaoishi kwenye changarawe na chujio ambao huigeuza amonia hiyo hatua kwa hatua kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Tangi jipya halina bakteria hao. Huchukua wiki nne hadi sita kujengeka. Kwa hiyo tangi huachwa lifanye kazi bila samaki kwa muda huo huku likitiwa chembe za chakula, ndipo samaki waingie, tena wachache wachache.

Tukabaki na 12, sita madume na sita majike. Watoto wakagawana kazi. Binti alikuwa wa chakula, kaka alikuwa wa maji. Kila wiki alitoa ndoo moja na kutia ndoo nyingine iliyolala wazi usiku mzima na mchana wake ili klorini iondoke. Na kila usiku kabla ya kulala walikuwa wanahesabu. "Kumi na wawili!" Sauti mbili kwa pamoja. Mimi nipo jikoni, najipongeza.

Kosa la pili ndilo kubwa. Mwishoni mwa mwezi wa nne, mteja wangu mmoja mwenye bwawa la kufugia alipita dukani na ndoo ya vifaranga vya kambale. Vilikuwa vidogo, vyeusi, vinachezesha sharubu. Niliona kimoja ni kizuri sana. Tena nilikuwa nimesikia kwamba kambale hula uchafu wa chini, nikafikiri nitapata mfagizi wa bure. Nikatoa shilingi 500, nikarudi nacho nyumbani kwenye mfuko, kirefu kama kidole cha shahada.

Kijana alikuwepo nilipokuwa nakifungulia ndani ya tangi. Alitazama, akasema, "Mama mdogo, huyo ni kambale."

Nikamjibu, "Najua ni kambale."

Akanyamaza. Nami sikuuliza neno la pili.

Wiki mbili za kwanza mambo yalikuwa shwari. Kambale alikaa chini ya kile kipande cha chungu mchana kutwa, hata ukasahau yupo. Kisha usiku mmoja hesabu ikagoma. Kumi na mmoja. Tukatafuta sakafuni, maana gapi huweza kuruka nje. Hakuna kitu. Baada ya siku tatu, kumi. Kisha tisa. Hakuna maiti inayoelea, hakuna mwiba, hakuna hata gamba.

Mtu mzima akikosa maelezo hutafuta mtu. Nami nilianza kutafuta. Paka hatuna. Binti yangu nilimzaa mwenyewe, nikaona namjua. Nikabaki na mmoja. Mtoto aliyekulia kandokando ya ziwa, ambaye kwao samaki ni kitoweo na chambo, si pambo. Siku moja binti akaja jikoni akaniambia, "Mama, kaka ametia mkono kwenye samaki." Nikatoka mbio. Nikamkuta kweli, mkono umezama hadi kiwiko, pembeni kuna beseni lenye maji. Nikahesabu haraka haraka. Saba.

Hapo ndipo nilipoyasema yale maneno. Niliyasema mbele ya binti yangu na mbele ya mume wangu aliyekuwa anaingia kutoka kazini. Nikamkataza kulisogelea tangi. Hakulia, hakujitetea. Alikausha mkono wake kwa fulana, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Usiku huo binti alihesabu peke yake, kwa sauti ya chini.

Siku nne baadaye, usiku wa Jumamosi, umeme ulikatika. Pampu ilipozima, ule mlio wake tuliouzoea ukakatika na usingizi ukanitoka. Nikaamka kwenda kutazama samaki, nikawasha tochi ya simu. Kambale alikuwa ametoka mafichoni, yuko katikati ya tangi. Alikuwa amekua, karibu urefu wa kiganja changu. Nikaona amemkaba gapi jike. Mwili ulikuwa umeshazama mdomoni, mkia unatikisika nje. Sekunde chache, mkia nao ukaingia.

Nilikaa kwenye kochi gizani hadi kulipokucha.

Kambale ni mwindaji wa usiku. Mchana hujificha, usiku hutembea na kupapasa kwa sharubu, na kinachoenea mdomoni hukimeza kizima. Ndiyo maana hapakuwa na mabaki. Wafugaji wanaofuga kambale kwenye mabwawa wanalijua hili vizuri. Hulazimika kuwachambua vifaranga mara kwa mara kwa ukubwa, kwa sababu wakubwa huwala ndugu zao wadogo. Ikiwa kambale hamwachi kambale mwenzake, gapi angeponea wapi? Na dalili ilikuwa mbele yangu muda wote. Watano wa mwanzo kupotea wote walikuwa madume, yaani wale wadogo. Mdomo ulikuwa unaanza na wanaoenea.

Asubuhi nilikuwa na kazi ngumu kuliko kumtoa kambale. Kwa malezi tuliyolelewa wengi wetu, mtu mzima hamwombi mtoto msamaha. Anamnunulia soda, anamwongezea nyama kwenye sahani, maisha yanaendelea. Soda nilishaifikiria. Lakini tuhuma niliitoa mbele ya watu, na mtoto aliyefiwa na wazazi akiambiwa tangu uje vitu vinapotea, anasikia kitu kimoja tu: usingekuja.

Wakati wa chai nikawaita wote mezani. Nikasema, "Mwanangu, nilikusingizia. Samaki wanaliwa na kambale, na kambale nilimleta mimi. Nisamehe."

Akaangalia kikombe chake. "Sawa, mama mdogo." Halafu baada ya muda akaongeza, "Mimi sili samaki wabichi." Mume wangu alicheka, binti akacheka, na yeye mwenyewe akatabasamu kidogo.

Nikamuuliza ule mkono ulikuwa unafanya nini ndani ya maji. Akasema alikuwa anamtafuta kambale amhamishie kwenye beseni. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo.

"Nilikwambia ni kambale."

"Ungesema basi kwamba atawala wenzake."

Akajibu taratibu, "Niliona umeshamnunua."

Wazazi wenzangu, jibu hilo nimelitafakari sana. Mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba yako atabishana na wewe, atakuvuta kanga, atalia hadi umsikilize. Mtoto aliyekuja hufanya hesabu nyingine. Anasema mara moja, kwa sauti ndogo. Usiposikia, hasemi tena, kwa sababu anaogopa kuwa mzigo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wangu alikuja na dawa yake mkononi, mimi ndiye niliyekataa kuinywa.

Jioni ile alitusimulia mambo ya babu yake. Babu alikuwa anamwambia kwamba zamani, ukienda kuvua pale Ukerewe, ulikuwa unapata furu wa kila namna, wadogo wadogo, wengine wana rangi kuliko hata gapi. Kisha akaletwa sangara.

Habari hiyo ni ya kweli, na ni kosa kama langu, isipokuwa tangi lao lilikuwa ziwa zima. Sangara hakuwa samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa matumaini kwamba furu wadogo wenye miiba, ambao hawakuwa na bei, wageuzwe kuwa minofu ya samaki mkubwa wa biashara. Kwa miaka mingi hakuonekana sana. Kisha, katika miaka ya 1980, akaongezeka kwa kasi. Ziwa hilo lilikuwa na mamia ya aina za furu ambao hawapatikani penginepo duniani. Aina nyingi zilitoweka au zikabaki chache mno. Sangara hakuwa sababu pekee, maana uchafuzi wa maji na uvuvi uliokithiri navyo vilichangia. Tena sangara ameleta viwanda, ajira na fedha za kigeni. Lakini furu waliokwisha kutoweka hawarudi.

Kwa hiyo tulipojadili kambale wetu aende wapi, kijana alikuwa na neno moja tu: asimwagwe mtoni wala kwenye bwawa la watu wote. Samaki wa kufuga, awe kambale, gapi au yeyote, hatupwi kwenye maji ya asili, kwa sababu hujui atamkuta nani huko. Tukamrudisha kwa mwenye bwawa. Akatupokea kwa kicheko, akasema, "Mama, huyu alikuwa wa kula, siyo wa kuangalia."

Baada ya hapo tulianza upya, na safari hii mshauri mkuu alikuwa yule kijana. Alichukua daftari dukani kwangu, akaandika maswali. Mengine yalikuwa yake, mengine tuliyapata kwa kusoma na kuuliza wafugaji wa Dodoma na Dar es Salaam. Nayaweka hapa yamsaidie mwenye tangi dogo kama letu.

Swali la kwanza: maji yetu ni ya namna gani? Watu wengi huchagua samaki kwanza, halafu wahangaike na maji. Ni bora kuanza na maji uliyonayo. Maji ya kisima tunayotumia sisi ni magumu. Ukichemsha kwenye birika, baada ya wiki chache unakuta ukoko mweupe kama chokaa. Maji kama hayo yanawafaa gapi, moli na plati. Hayamfai neoni, yule samaki mdogo mwenye mstari wa bluu unaong'aa, maana asili yake ni mito ya Amazon yenye maji laini. Ukimtia neoni na moli pamoja, lazima mmoja wao aishi kwenye maji yasiyo yake.

Swali la pili: akiwa mtu mzima atakuwa na ukubwa gani? Dukani wote ni watoto. Samaki wa dhahabu anayeuzwa akiwa kama kidole gumba anaweza kuzidi sentimeta 20, na anachafua maji sana. Kambale anaweza kuzidi hata mita moja. Usinunue samaki kwa kipimo cha leo.

Swali la tatu: nani anaenea mdomoni mwa nani? Hili halina mjadala. Samaki wengi humla yeyote anayeenea, wala si ubaya wa moyo. Hata gapi wenyewe hula watoto wao wanaozaliwa. Binti yangu alipojua hilo hakuzungumza nao siku nzima.

Swali la nne: tabia yake ikoje? Kuna samaki wa kundi, kama neoni, ambaye akiwa peke yake au wawili huishi kwa hofu. Huyo huhitaji wenzake watano au zaidi. Kuna beta, ambaye madume wawili wakikutana hupigana hadi kuumizana, na ambaye anaweza hata kumshambulia gapi dume kwa sababu ya ule mkia wake mkubwa wa rangi. Kuna wanaopenda kung'ata mapezi ya wenzao. Na kuna wanaoshika eneo na kulilinda.

Swali la tano: anataka joto gani? Gapi anastarehe kwenye nyuzi joto 24 hadi 26 hivi. Samaki wa dhahabu anapenda maji ya baridi zaidi, ndiyo maana kuwachanganya si vizuri hata kama wanauzwa kwenye beseni moja. Sisi wa Manyoni tukumbuke usiku wa Juni na Julai. Baridi yetu si ya mchezo. Tulinunua hita ndogo na kipimajoto, na umeme ukikatika tunalifunika tangi kwa blanketi.

Swali la sita: wawe wangapi? Kwenye lita 54, tuliambiwa gapi kumi wanatosha. Lakini gapi jike huzaa karibu kila mwezi, anaweza kutoa watoto 20 au zaidi kwa mara moja, na akishapandwa anaweza kuendelea kuzaa miezi kadhaa bila dume. Ukitaka amani ya muda mrefu, fuga madume watupu. Ukichanganya, weka majike wawili au watatu kwa kila dume, la sivyo dume atamkimbiza jike yule yule hadi amchoshe.

Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa tangi dogo. Ziwani, samaki anayefukuzwa hukimbia. Ana mawe, ana kina, ana majani, anaweza kwenda asikoonekana. Kwenye sentimeta 60 za kioo hana pa kwenda. Anayemwogopa anaamka naye na kulala naye. Kwa hiyo kazi yote ya kuwaweka salama ni ya yule anayechagua nani aingie. Samaki hawakuchaguana.

Usiku nilipokuwa nasoma yale maswali kwenye daftari, nilimkumbuka kijana amekaa nyuma ya nyumba na fulana iliyolowa. Nyumba ya vyumba viwili nayo haina pa kukimbilia.

Tulikuwa tumebakiwa na gapi sita, majike watano na dume mmoja. Tuliweka majani ya maji mengi upande mmoja. Mwezi uliofuata tukaona vitu kama vijiti vyenye macho vimejificha humo. Walikuwa watoto, zaidi ya 30. Walipofikisha wiki chache na jinsia kuanza kuonekana, kijana akawa anawatenganisha kwenye beseni. Tulibakiza madume kumi kwenye tangi. Wale wengine pamoja na mama zao tuliwapa majirani wawili ambao nao walikuwa wametengenezewa matangi, na kila mmoja aliondoka na samaki, kipande cha majani na nakala ya yale maswali sita.

Sasa kijana ana hamu nyingine. Amesoma kwamba Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya furu na perege, wengi wao hawapatikani kwingine duniani, na kwamba kutoka Kigoma samaki hao husafirishwa kwenda kufugwa kwenye matangi ya watu wa Ulaya na kwingineko. Maji ya ziwa hilo ni magumu, kwa hiyo kisima chetu hakiwatishi. Anayemtaka ni mmoja mdogo sana, wa sentimeta nne au tano, anayeishi ndani ya ganda tupu la konokono na kulea watoto wake hapo hapo. Anaweza kukaa kwenye tangi kama letu. Lakini hulinda ganda lake kwa ukali, hivyo anataka tangi lake mwenyewe, si pamoja na gapi. Jambo hilo kijana alinieleza kabla sijauliza, tena kwa maneno mengi. Tumeanza kuweka akiba kwenye kopo la maziwa.

Kama mtoto wako anataka samaki, usimkatalie. Ni mnyama asiyepiga kelele, halali kitandani, na anafundisha kazi ya kila siku. Ila usinunue siku unayojisikia kununua. Pima tangi, lijaze, lisubiri. Andika maswali sita. Muuzaji akikwambia wote wanakaa pamoja, muulize akikua je, usiku je, kwenye baridi je. Ukifika nyumbani, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20, kisha uwe unaongeza maji ya tangi kidogo kidogo ndani ya mfuko kabla ya kumtoa samaki. Chakula kiwe kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili.

Na kama ndani ya nyumba yako yumo mtoto aliyekuja, msikilize akisema mara ya kwanza. Akikwambia, "Huyo ni kambale," muulize, "Kambale yukoje?"

Siku hizi saa tatu usiku huwa niko jikoni nafunga kazi. Nasikia wanahesabu sebuleni, sauti mbili. Binti ndiye anayechoka kwanza, anarukaruka namba. Kaka yake anarudia kuanzia moja, bila haraka, hadi amalize. Kisha anakuja hadi mlangoni kuniambia.

"Wote wapo, mama mdogo."